Kurudia pigo mara nane hakutoshi

Wengi huamini kwamba redio ya bendi pana sana haihitaji msimbo wa kurekebisha makosa. Hoja yao: kila biti tayari inatumwa kwa mapigo mengi mafupi yanayorukaruka kwenye nafasi za muda, na msimbo ungepunguza kasi bure. Si kweli. Kurudia pigo ni msimbo tayari, tena dhaifu kuliko yote.

Chukua mapigo 8 kwa biti moja. Ukiyarudia tu, umbali kati ya ujumbe wa 0 na wa 1, yaani idadi ya mapigo yanayotofautiana, ni 8. Weka mahali pake msimbo wa konvolusheni wa superothogonali wenye urefu wa 5, yaani ambao mapigo yake hutegemea biti ya sasa na nne zilizotangulia: kila biti bado inatoa mapigo 8, kasi ni ileile, bendi ni ileile, lakini umbali mdogo kabisa unafika 28. Kelele zikiwa chache, faida inakaribia desibeli 5.4. Gharama ni kisimbuzi cha Viterbi, kinachotafuta mfuatano wa biti unaofanana zaidi na mapigo yaliyopokelewa, chenye hali 16 (michanganyiko ya biti nne zilizotangulia), mzigo mdogo kwa chipu ya leo.

Hata ukiwa na msimbo huo, faida inaweza kupotea kwenye kipokezi. Pigo la mtumiaji mwingine aliye karibu na kipokezi linapoangukia nafasi ya muda ya pigo lako, huwa kubwa mno, na ukijumlisha tu mapigo yote 8, hilo moja linafunika saba yaliyo safi. Kwa hiyo kata kwanza kilele cha kila pigo, kisha mpe kisimbuzi nguvu iliyopimwa ya kila pigo, si 0 au 1 iliyokwisha kuamuliwa. Kuamua mapema hutupa habari uliyolipia kwa nishati.