Mahakama ya mfano: maneno ya korido na kanuni zilivyo

Tangazo lenyewe huwa fupi. Shule ya sheria inatafuta wanafunzi wa kuiwakilisha kwenye mashindano ya mahakama ya mfano, ambako timu hutetea kesi ya kubuni mbele ya jopo la majaji; mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa, mchujo ni wiki inayofuata. Gundi haijakauka ubaoni, koridoni kila mtu keshalitolea tafsiri yake, na kwa sababu ya tafsiri hizo wengi wanaofaa hawajiandikishi, huku baadhi ya waliojiandikisha wakijiandaa kwa jambo lisilokuwepo.

"Ni mdahalo tu, mwenye maneno ndiye mshindi"

Kwenye mdahalo unaongea mpaka kengele ilie. Hapa majaji wanakukatiza, pengine kabla hujamaliza sentensi ya pili. Hotuba iliyokaririwa huvunjika hapo hapo, kwa kuwa aliyekariri akitolewa kwenye mstari hajui arudie wapi. Jessup, mashindano ya sheria ya kimataifa yaliyoanza 1960, huipa kila timu dakika 45 kwa raundi. Dakika hizo hugawanywa kati ya wasemaji wawili, na humo humo hutengwa akiba ya kujibu upande wa pili. Mwenye dakika 20 aandae hoja za dakika 10 hadi 12. Zinazobaki ni za maswali, na alama nyingi ziko kwenye maswali.

Kujibu kuna mpangilio wake: anza na "ndiyo" au "hapana", toa sababu kwa sentensi moja, taja kifungu au hukumu, kisha rudi ulipoachia. Jibu baya kuliko yote ni "Nitalifikia suala hilo baadaye, Mheshimiwa". Jaji ameuliza sasa. Kama hukumu anayoitaja hujaisoma, sema hujaisoma, na uombe kujibu kwa kanuni unayoijua. Ukibuni hukumu, swali linalofuata litakuwa: ni aya ya ngapi?

"Tukipangiwa upande dhaifu, tumeshaliwa"

Kila timu hutetea pande zote mbili, leo mwombaji, kesho mjibu maombi. Mtunga kesi hujitahidi kuigawa sawa, kila upande uwe na hoja mbili tatu za nguvu na jeraha moja la kuficha. Isitoshe, alama hazifuati nani angeshinda kesi kisheria. Jopo linaweza kuona sheria iko upande wa pili, na bado likakupa wewe raundi kwa namna ulivyoitetea.

Lililo gumu ni kukubali kubadilika. Wapo wanaoipenda serikali ya kubuni au mlalamikaji wa kubuni mpaka wakipewa upande wa pili sauti inawasaliti. Dawa ni kubadilishana pande kila zoezi tangu juma la kwanza, si siku tatu kabla ya safari.

"Kesi ni ya kubuni, basi tunaweza kuijaza"

Hapana. Maelezo ya kesi yamefungwa. Kama hayasemi mtuhumiwa alipigwa, hakupigwa. Unaloruhusiwa ni kufasiri kwa kiasi kilichoandikwa, na kutaja namba ya aya ulikofasiria. Palipo na utata, mashindano mengi hupokea maswali ya ufafanuzi kwa maandishi hadi tarehe maalumu, na majibu hutumwa kwa timu zote. Timu isiyoyasoma majibu hayo hujikuta ikijenga hoja juu ya tarehe iliyokwisha kurekebishwa.

"Anza na haki iliyovunjwa, hapo ndipo penye utamu"

Hapa ndipo timu nyingi huangukia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua Mashindano ya Mahakama ya Mfano ya Haki za Binadamu ya Afrika, yaliyoanzishwa 1992 na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria na kufanyika kila mwaka. Kesi yake huwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao Arusha na majaji 11. Mahakama hiyo haifiki kwenye haki iliyovunjwa kabla ya kupita milango miwili.

Wa kwanza ni mamlaka. Nchi ya kubuni imeridhia Itifaki iliyoiunda Mahakama hiyo? Kama mwombaji ni mtu binafsi au asasi, nchi imeweka tamko la Kifungu cha 34(6) cha Itifaki, linaloruhusu watu na asasi kuishtaki moja kwa moja? Tanzania ililiondoa tamko lake Novemba 2019, na watunga kesi wanapenda mitego ya namna hiyo: maombi yamewasilishwa Machi, tamko limeondolewa Januari, je, Mahakama ina mamlaka? Jibu linaanzia kwenye kesi ya Ingabire dhidi ya Rwanda ya 2016: kuondoa tamko kunahitaji notisi ya mwaka mmoja, na hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Ndiyo maana hatua ya Tanzania ilianza kufanya kazi Novemba 2020.

Wa pili ni kupokelewa kwa maombi. Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kina masharti saba, na linalogombewa zaidi ni la kumaliza kwanza njia za kisheria nchini. Mwanafunzi husema "hakumaliza" akadhani amemaliza kazi. Njia gani hasa? Katika kesi ya Mtikila dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa Juni 2013 na kuhusu mgombea binafsi, Mahakama ilisema njia zinazohesabika ni za kimahakama, si mchakato wa Bunge. Katika kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, Novemba 2015, ikasema maombi ya mapitio kwenye Mahakama ya Rufani ni njia ya ziada ambayo mwombaji halazimiki kuipitia. Mwenye hukumu hizo mbili kichwani anajibu nusu ya maswali ya raundi.

Ukishapita milango hiyo, ndipo uingie kwenye haki zenyewe, halafu nafuu unazoomba. Nafuu husahaulika kabisa. Msemaji hufunga kwa "tunaomba haki itendeke", jaji akamwuliza fidia kiasi gani na kwa msingi upi, ukimya ukatanda.

"Ni Kiingereza kitupu"

Si kila mahali. Mashindano hayo ya Afrika huendeshwa pia kwa Kifaransa na Kireno, na fainali huwa na wakalimani. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya sheria ya 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kufanya mazoezi ya ndani kwa Kiswahili si mzaha. Hoja usiyoweza kuieleza kwa Kiswahili, mara nyingi hujaielewa. Jessup ya kimataifa ndiyo Kiingereza.

"Hati ya maandishi ni utaratibu tu"

Hati za hoja huandikwa mbili, moja kwa kila upande, na husahihishwa kabla timu haijasimama. Pointi hukatwa kwa mambo madogo: kuvuka idadi ya maneno, kuchelewa kutuma, au jina la chuo kujitokeza mahali wakati timu inatambulishwa kwa namba tu. Kagua hata sifa za faili, maana kompyuta huandika jina la mwenye nayo bila kuulizwa. Kosa jingine ni kunakili rejea kutoka kwenye hukumu uliyoisoma bila kuifungua ile inayorejewa.

"Ni ya wenye GPA za juu, wa mwaka wa mwisho"

Timu ya mashindano ya Afrika ni wanafunzi wawili, ya Jessup ni wawili hadi watano, na kwa Jessup si lazima wote wasimame kuongea. Mtafiti mzuri wa mwaka wa pili, anayejua hukumu iko ukurasa gani, ana nafasi yake. Kwa mchujo wa ndani jiandae dakika tano hadi kumi na hoja moja tu, na tarajia maswali.

"Mtu wa nje haruhusiwi"

Fainali nyingi ziko wazi, na jopo mara nyingi huwa na majaji wa kweli. Fika mapema, zima simu, simama majaji wakiingia, na usipige makofi mpaka mwenyekiti wa jopo amalize kusoma matokeo.