Nani Anamfundisha Anayefundisha Wauguzi?

Muuguzi mwenye miaka 15 kwenye wodi ya watoto anaushika mkono wa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa kidogo kwa ncha ya kidole, sindano inaingia, damu inarudi, kanula, kile kimrija cha kupitishia maji mwilini, imekaa. Dakika haijaisha. Anamgeukia mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyesimama na trei.

"Umeona?"

"Nimeona, sista."

Hajaona. Ameona mkono ukipita na damu ikitokea. Hakuona kwamba kidole kile kilikuwa kinatofautisha mshipa unaobonyea na kano isiyobonyea, kwamba dole gumba liliivuta ngozi ili mshipa usikimbie, na kwamba sindano ililazwa zaidi mara tu damu ilipochungulia. Kesho akiachiwa mtoto mwingine atachoma mara nne, mama atalia pamoja na mwanawe, na watu watasema wanafunzi wa siku hizi hawajui kitu.

Mimi nafundisha uuguzi chuo kikuu, na tukio la namna hii nimelishuhudia mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kumlaumu mwanafunzi. Wala simlaumu sista yule, ambaye ningemkabidhi mtoto wangu usiku wa manane bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba kadiri mkono unavyozoea kazi, ndivyo mwenye mkono anavyosahau hatua zake. Kuzifufua zile hatua, kuzitenganisha na kuzipa maneno ni kazi nyingine kabisa, nayo inasomewa.

Moja ya njia tunazowafundisha wanaojiandaa kuwa wakufunzi ina hatua nne. Kwanza unaifanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida, kimya, mwanafunzi aone sura nzima. Kisha unaifanya polepole ukieleza kila unachogusa. Mara ya tatu unaifanya tena, lakini maelezo yanatoka kwa mwanafunzi, nawe unafuata anachokuambia. Mwisho anafanya mwenyewe huku akisema. Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa kisingizio cha muda. Hapo ndipo unasikia kwa masikio yako alichokosea kuelewa, kabla kosa halijafika kwa mgonjwa.

Hiyo ni mbinu moja tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa umahiri wa msingi wa mwalimu wa uuguzi, ukagawanywa katika maeneo manane. Humo mna namna mtu mzima anavyojifunza, uandaaji wa mtaala, utafiti, maadili na sheria, upimaji, hata uongozi. Umahiri wa kazi yenyewe ya uuguzi upo pia, lakini ni eneo moja kati ya manane. Naomba hilo lizingatiwe na kila bodi ya chuo inayoajiri mkufunzi kwa kuangalia miaka aliyokaa wodini peke yake.

Wazo hili lina zaidi ya karne. Mwaka 1899, Teachers College ya New York, iliyo sehemu ya Columbia University, ilianzisha kozi kwa wauguzi waliokwisha kufuzu, kuwaandaa kusimamia hospitali na kuongoza vyuo vya wauguzi. Mary Adelaide Nutting, aliyeisimamia baadaye, mwaka 1907 akawa muuguzi wa kwanza duniani kupewa uprofesa. Waanzilishi wale waliweka ualimu na utawala chini ya paa moja, nami naona walikuwa sahihi. Mwalimu bora hawezi kitu ikiwa wodi anayopeleka wanafunzi ina muuguzi mmoja anayekimbia huku na huko.

Tuje basi kwenye utawala. Muuguzi Mfawidhi akiingia kwenye kikao cha uongozi wa hospitali na kusema "wauguzi hawatoshi", ataitikiwa kwa huruma na ajenda itaendelea. Aingie na hesabu. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi anayefanya saa 40 kwa wiki, ukimtolea siku 28 za likizo, anabaki na wiki 48, yaani saa 1,920. Gawanya: utapata 4.56. Maana yake nafasi moja tu ya muuguzi, ijazwe usiku na mchana mwaka mzima, inahitaji karibu watu watano, na hapo hujamhesabu anayeugua, aliye likizo ya uzazi wala aliyeitwa semina. Ukitaka wawili kila zamu, ikama ya wodi, yaani idadi ya watumishi inaowahitaji, inavuka tisa. Wodi yenye wauguzi sita haiwezi, hata inchaji, msimamizi wa wodi, awe mchapakazi kiasi gani. Zamu nyingi zitabaki na mtu mmoja, na ratiba itapangwa kwa kuwaibia watu mapumziko.

WHO ina mbinu pana zaidi iitwayo WISN, inayoanzia kwenye kazi zenyewe: kusafisha kidonda ni dakika ngapi, kumpokea mgonjwa mpya ni ngapi, kisha inapanda hadi idadi ya watumishi. Haya hayafunzwi kwa kina ngazi ya stashahada, na sioni kwamba yanapaswa kufunzwa huko. Mahali pake ni uzamili, pamoja na bajeti, usimamizi wa rasilimali watu na uchunguzi wa makosa ya kitabibu usioanza kwa kutafuta wa kumfukuza.

Kwamba idadi na elimu ya wauguzi huokoa maisha, ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2014, uliohusu hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya na wagonjwa zaidi ya 420,000 wa upasuaji, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Wauguzi wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo hupungua kwa asilimia 7. Ulaya si Tanzania, na shahada iliyopimwa pale ni ya kwanza. Lakini hao wenye shahada ya kwanza wanafundishwa na nani?

Kwa muuguzi anayefikiria kujiendeleza, nina machache. Programu nyingi za uzamili wa uuguzi nchini hubeba jina la eneo la huduma: ukunga, wagonjwa mahututi, afya ya akili. Usiishie kwenye jina. Omba orodha ya masomo, utazame kama kuna ufundishaji na uongozi, na kama kuna mafunzo kwa vitendo ambapo utafundisha kweli huku mtu akikutazama na kukurekebisha. Kama ni uongozi wa kwenye karatasi tu, uliza kwa nini. Hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, na ruhusa ya masomo umeipata kwa maandishi kabla ya kuondoka kituoni.

Kwa waajiri nina ombi moja, juu ya jambo linalonikera kweli. Msimrudishe mhitimu wa uzamili kwenye meza ileile na majukumu yaleyale aliyoyaacha miaka miwili iliyopita. Mpeni wanafunzi wa kuwasimamia, au ikama ya kuikokotoa.

Na swali la tasnifu lisitoke mbali. Kama kwenye wodi yako chati za saa tisa usiku huwa tupu, hilo ni swali. Ukija kuulizia nafasi, beba ratiba ya zamu ya mwezi uliopita, tuanzie hapo.