Mafuta ya taa kwenye maharage ya bweni

Jamani wazazi wenzangu, ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya hapa Dodoma, eti wasichana wa bweni wanawekewa mafuta ya taa kwenye maharage wapunguze hamu ya wavulana, ndo maana hedhi inachelewa. Si kweli. Mafuta ya taa hayapunguzi hamu, ni sumu, yakiingia kwenye mapafu yanaumiza vibaya. Dondosha tone moja kwenye kikombe cha maji uone, linatandaa juu na harufu haijifichi, sasa sufuria zima la bweni nani asinuse?

Tunachanganyikiwa kwa sababu binti akienda bweni hedhi kweli inaweza kuruka, mwili bado mchanga, mawazo ya kuacha nyumbani, msosi umebadilika. Msiifowadi tena tafadhali, inawatisha watoto wasile. Ikipita miezi 3 bila hedhi, mpeleke binti zahanati.