Pampu na chupa kabla mtoto hajazaliwa?

Wajawazito wengi hapa Dodoma wanaamini kwamba kapu la kujifungulia halijakamilika bila pampu ya kukamulia maziwa, chupa mbili tatu na mafuta ya chuchu. Inaeleweka: dukani vitu hivyo hupangwa pamoja na nguo za kichanga, kana kwamba ni seti moja.

Lakini siku za kwanza maziwa hutoka kidogo, mazito, ya njano, na tumbo la kichanga nalo ni dogo. Ikibidi kuyakamua, mkono unafaa zaidi, ukikinga kwa kikombe safi. Kwenye pampu mengi huishia kunata. Kikombe pia husafishika kirahisi kuliko chupa, jambo kubwa kwenye mitaa ambayo maji hutoka kwa mgao. Vitambaa vya kuweka ndani ya sidiria maziwa yakivuja? Khanga kuukuu iliyofuliwa, ikunjwe mara nne. (Hela ya pampu ningenunulia ndoo ya maji yenye mfuniko.)

Pampu ina kazi yake: mtoto njiti asiyeweza kunyonya, au mama anayerudi kazini baada ya siku 84 za likizo. Inunuliwe wakati huo.

Wala usipime wingi wa maziwa kwa pampu, maana mara nyingi hutoa pungufu ya anachonyonya mtoto. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano hivi, sita au zaidi zilizolowa kwa siku. Kisha tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Na kabla ya kulipia chochote, muulize muuguzi: hiki nitakitumia lini?