Je, wajua? Uwanja wa Mnazi Mmoja ulikusudiwa kuwatenga watu

Ukitoka Posta, jijini Dar es Salaam, kwa miguu kwenda Kariakoo, unapita katikati ya maghorofa yaliyobanana mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha mji unakatika. Mbele yako kuna nyasi, miti na Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ukivuka uwanja huo unakuta Mtaa wa Lumumba, na msongamano unaanza upya. Hapa ni katikati ya jiji ambalo kila futi ya ardhi inagombewa. Kwa nini sehemu hii iliachwa wazi?

Majibu mawili husikika sana. La kwanza ni kwamba wakoloni walitenga bustani ya kupumzikia. La pili ni kwamba kulikuwa na sheria iliyotamka Wazungu wakae hapa, Wahindi pale na Waafrika kule, na uwanja ukawa mpaka. Jibu la kwanza si kweli. La pili limekaribia, lakini linakosea mahali penye uzito zaidi, yaani namna utengano wenyewe ulivyofanyika.

Historia kwa ufupi ni hii. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, akivutiwa na bandari yenye maji mengi iliyokingwa na mawimbi. Alipofariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash aliuacha mradi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifika mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Yakafuata majengo ambayo mengine tunayaona hadi leo: hospitali ya Ocean Road, kanisa la Kilutheri la Azania Front, kanisa la Mtakatifu Yosefu. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916.

Mwaka huohuo wa 1891 Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi iliyoligawa eneo la mji katika sehemu tatu. Waingereza nao walishika mgawo wa namna hiyo katika miaka ya 1920. Sehemu ya kwanza, upande wa mashariki karibu na bahari, ilikuwa ya nyumba za kuishi za mtindo wa Kizungu. Ya pili ilikuwa ya kuishi na kufanya biashara. Ya tatu, iliyokuja kuwa Kariakoo, iliruhusu nyumba ya aina yoyote: ya miti na udongo, ya makuti, au ya kuezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa.

Kanuni hizo zilizungumzia kuta, paa na matumizi ya jengo. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa kutafuta kifungu kinachotaja rangi ya ngozi.

Kwa Waingereza kulikuwa na sababu ya kisheria ya kuandika hivyo. Tanganyika haikuwa koloni lao la kawaida, bali nchi waliyokabidhiwa chini ya Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini huo yaliwataka wawape haki sawa raia wa nchi wanachama. India ilikuwa mwanachama. Kifungu cha kumkataza Mhindi kujenga upande wa bahari kingewafikisha Geneva, makao makuu ya Shirikisho hilo.

Basi sheria ikafanya kazi ya chekeche. Chekeche haiulizi punje imetoka shamba gani. Hupima ukubwa, na aliyechagua upana wa matundu ameshaamua kitakachobaki juu. Katika sehemu ya kwanza, tundu lilikuwa gharama ya nyumba ya mawe yenye mtindo uliotakiwa. Ofisa Mzungu alipita bila kutumia senti yake, maana nyumba alipewa na serikali. Mfanyabiashara wa Kihindi aliweza kujenga kwa mawe, lakini alihitaji duka chini na familia juu, na nyumba ya namna hiyo ilikuwa na sehemu yake, ya pili. Kuli wa bandarini na karani wa Kiafrika walibaki na sehemu ya tatu.

Je, Mwafrika hakuweza kukopa ajenge kwa mawe? Hapo palikuwa na chekeche nyingine. Viwanja vya Kariakoo vilitolewa kwa upangaji wa muda mfupi, na karatasi ya namna hiyo haikufaa kuwekwa rehani. Tena kulikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: mkopeshaji ambaye hakupata kibali cha serikali hakuweza kudai deni lake mahakamani. Serikali ilisema inawalinda wasinyonywe. Matokeo yake ni kwamba sheria moja ilidai nyumba ya gharama na nyingine ikafunga njia ya kuilipia. Ndiyo maana wenye nyumba wa Kariakoo walitegemea nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, wakipangisha chumba kimoja kimoja.

Sasa tuurudie uwanja. Baada ya daktari Mwingereza Ronald Ross kuonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, baadhi ya madaktari wa kikoloni walidai kwamba watoto wa Kiafrika ni hifadhi ya vimelea hivyo, kwa hiyo Mzungu alale mbali nao. Wazo la ukanda mtupu kati ya makazi likaenea katika makoloni ya Afrika. Dar es Salaam, Wajerumani waliupanga kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaendelea kwa kuondoa nyumba zilizokuwamo.

Hofu ya maradhi haikuwa ya kubuni. Tauni ilikuwa imeingia Nairobi mwaka 1902 na Zanzibar mwaka 1905. Lakini kama kinga ya malaria, ukanda huu ulikuwa dhaifu. Mbu wa malaria anaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, upana ambao uwanja huu hauna. Isitoshe, mpishi, yaya na mtunza bustani walilala katika vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba zilezile zilizodaiwa kukingwa.

Kwa kuwa nyumba za kuishi zilikatazwa hapo, nafasi ikabaki kwa shughuli za umma. Pembeni yake ulijengwa ukumbi wa Arnautoglu katika miaka ya 1950. TANU ikaweka ofisi Mtaa wa Lumumba, ambao enzi hizo uliitwa New Street, na Mwalimu Nyerere akahutubia mikutano Mnazi Mmoja. Mwaka 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilianza kufundisha sheria katika jengo la TANU mtaani hapo. Ardhi iliyokusudiwa kuwatenga watu ikawa mahali pa kuwakusanya, na hakuna mpangaji wa mji aliyeliweka hilo kwenye ramani yake.

Mji ulikua kutoka watu karibu 69,000 mwaka 1948 hadi zaidi ya 128,000 mwaka 1957. Mpango wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya wahandisi ya Alexander Gibb, uliongeza nafasi nyingine za wazi, safari hii kwa hoja ya kupitisha upepo, na badala ya aina ya nyumba ukatumia kipimo cha ujazo wa makazi, yaani wingi wa nyumba katika eneo. Ndicho kipimo ambacho wauza viwanja wanakitaja mpaka leo: ujazo mdogo, wa kati, wa juu. Katika mpango ule, ujazo mdogo ulikuwa Oysterbay kwa Wazungu, wa kati Upanga kwa Wahindi, na wa juu Ilala, Magomeni na Temeke kwa Waafrika.