Kubadili nywila kila miezi mitatu hakukulindi

Juni2025! Septemba2025! Desemba2025! Ukikaa muda wa kutosha kwenye dawati la msaada wa kompyuta, utazisikia nywila za namna hii zikitajwa kwa sauti mbele ya foleni. Anayezitaja hana kosa. Mfumo ulimdai herufi kubwa, tarakimu na alama, kisha ukamlazimisha abadilishe kila siku 90. Ametii kila sharti, na matokeo yake ni nywila ambayo mdukuzi anaikisia kwa kutazama kalenda.

Kazi yangu ni usalama wa mifumo katika taasisi ya umma, na kwa miaka mingi nililifundisha sharti hilo kwa nia njema. Sasa silifundishi, na wananchi wanastahili kuelezwa sababu.

Chimbuko lake kubwa ni waraka wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwandishi wake, Bill Burr, alitakiwa kushauri juu ya nywila wakati ambapo nywila halisi za watu hazikupatikana kwa utafiti, hivyo aliegemea maandishi ya miaka ya 1980. Ushauri wake ukaenea mabenki, vyuo na maofisini duniani kote. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Namheshimu sana kwa hilo, maana wataalamu wachache husimama hadharani na kusema hivyo.

Kilichobadilika katikati ni kwamba ushahidi ulipatikana. Desemba 2009 kampuni ya RockYou ilidukuliwa, na nywila zaidi ya milioni 32 zikavuja zikiwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. Iliyoongoza ilikuwa 123456, iliyotumiwa na watu zaidi ya 290,000. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 za watu waliokuwa wamelazimishwa kubadili nywila mara kwa mara. Walijiuliza jambo moja tu: mtu akiijua nywila yako ya zamani, je, ataipata mpya? Kwa asilimia 41 ya nywila walizojaribu, kompyuta iliipata mpya ndani ya sekunde chache. Kwa asilimia 17 ya akaunti, makisio yasiyofika matano yalitosha. Watu walikuwa wakiongeza 1 iwe 2, au wakihamisha alama ya mshangao kutoka mwisho kuja mwanzo. Binadamu akichoshwa hutafuta njia ya mkato, na njia za mkato za watu wote hufanana.

Baada ya hapo Uingereza iliacha kushauri ubadilishaji wa lazima mwaka 2015, NIST ikafuata 2017, Microsoft 2019. Toleo jipya la NIST la mwaka 2025 limekwenda mbali zaidi: linakataza kabisa mifumo kumlazimisha mtu kubadili nywila kwa kufuata kalenda, na linataka angalau herufi 15 pale nywila inapokuwa kinga pekee. Nywila ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imevuja.

Nguvu, basi, iko kwenye urefu na uchaguzi wa bahati nasibu. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alibuni njia ya kutumia dadu: ukiirusha mara 5 unapata namba moja kati ya 7,776, na kila namba ina neno lake kwenye orodha. Maneno 5 ya namna hiyo yana michanganyiko zaidi ya mara 4,000 ya ile ya nywila ya herufi 8 iliyovurugwa kabisa kwa alama zote za kibodi. Nasi tuna kamusi nene ya Kiswahili. Fungua ukurasa bila kuchagua, shusha kidole, andika neno, rudia. Nilipofanya hivyo nilipata: sinia kenge bati mlonge uzi. Ni herufi 27 pamoja na nafasi, na kichwani picha yake inakaa: kenge kwenye sinia la bati, chini ya mlonge, amefungwa uzi. Usiitumie hii, maana sasa imeandikwa hadharani. Tafuta yako.

Kidole kichague, wewe usichague. Mtu akiulizwa maneno matano atakuja na mama, upendo, Mungu, jina la mtoto na jina la timu. Methali nayo haifai, hata ikiwa ndefu kama haraka haraka haina baraka. Wadukuzi hulisha kompyuta zao maandiko matakatifu, mashairi na misemo mizima kabla ya kujaribu herufi mojamoja.

Kwa akaunti nyingi, tumia programu ya kutunza nywila, na washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mfumo udai kitu cha pili zaidi ya nywila, kama namba inayotumwa kwenye simu yako, hasa kwenye barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kubadili nywila za kwingine kote.

Namba ya siri ya pesa za simuni ni suala jingine. Tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000 tu, na kinachoilinda ni kwamba mfumo hufunga baada ya makosa machache. Kwa hiyo tapeli hubaki na njia mbili: akuombe, au aanze na kisio zuri. Kwa ile ya kwanza, hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Kata simu, na kwa Tanzania itume namba ya tapeli kwenda 15040. Kwa ile ya pili, tazama namba ya kitambulisho chako cha taifa cha Tanzania, cha NIDA. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kila duka la fotokopi ulikowahi kukiacha kitambulisho hicho wanaifahamu tarehe hiyo, na simu ikiibwa pamoja na pochi, mwizi naye anaifahamu. Kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, au siku na mwezi, anza kuibadili hiyo leo kabla ya kugusa nywila nyingine yoyote.