Maelezo Mafupi Hayawi Kweli kwa Ufupi Wake

Malalamiko yanayofika katika dawati letu la uhakiki wa kisayansi yameongezeka, na mengi yanabeba hoja moja: maumbile ni sahili, wataalamu ndio wanaoyatatanisha, basi maelezo mafupi yapewe ushindi. Waandishi wengi wa barua hizo wana nia njema na wamesoma. Wanautaja wembe wa Ockham, kanuni ya kutoongeza katika maelezo vitu visivyohitajika. Tatizo ni kwamba wanautumia kama hukumu ya mwisho, na hilo halikubaliki.

William wa Ockham, mtawa na mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1347, alishauri tusidai wingi wa vitu pasipo ulazima. Ushauri huo unamhusu anayeeleza. Hausemi kwamba ulimwengu wenyewe umeumbwa kwa vitu vichache.

Tazameni habari ya Neptuni. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyokokotolewa kwa sheria za Newton. Urbain Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa, akaongeza kitu kimoja kwenye hesabu: sayari ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mwanaastronomia Johann Galle aliiona akiwa Berlin, umbali usiofika nyuzi 1 kutoka mahali palipotabiriwa. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo akatangaza kwamba Utaridi nayo ina kasoro: sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua inasogea kupita hesabu, kwa kiasi ambacho leo tunakiweka kuwa sekunde 43 za tao kwa karne (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Akatumia dawa ileile, akapendekeza miili mingine karibu na Jua. Sayari iliyodhaniwa kuwa huko ikapewa jina la Vulcan, ikatafutwa kwa miaka mingi, na haipo. Mwaka 1915 Einstein aliueleza msogeo huo bila kuongeza sayari yoyote, ila kwa milinganyo migumu kuliko ya Newton. Idadi ya vitu ilipungua, ugumu wa hisabati ukapanda. Anayetaka wembe uamue hapa atuambie kwanza anahesabu nini.

Naomba pia tuache kurudia kwamba Copernicus, aliyeliweka Jua katikati badala ya Dunia, alishinda mwaka 1543 kwa kuwa na viduara vichache, yaani miduara midogo iliyoongezwa juu ya njia za sayari ili hesabu ilingane na kinachoonekana angani. Kitabu chake kina viduara vingi, na utabiri wake haukuupita wa Ptolemaio, aliyeiweka Dunia katikati, kwa kiasi kikubwa. Viduara viliondoka Kepler alipoleta duaradufu, yaani njia yenye umbo la yai, mwaka 1609. Ubora wa Copernicus ulikuwa mahali pengine: sayari kuonekana zikirudi nyuma kulitokana na sababu moja, mwendo wa Dunia ukilinganishwa na wa sayari, badala ya kila sayari kutengenezewa sababu yake.

Sasa utaratibu wa dawati letu, kwa sababu ndiko lawama nyingi zinakoelekezwa. Modeli mbili, yaani maelezo mawili ya kihisabati, zikishindania data zilezile, hatuulizi ipi inapendeza. Kila parameta inayoongezwa, yaani namba inayorekebishwa ili modeli ilingane na data, hutozwa adhabu. Kwa kigezo cha Akaike, kanuni ya kulinganisha modeli iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, adhabu ni 2 kwa kila parameta; kutoka hapo tunatoa mara mbili ya logi asilia ya kiwango ambacho modeli inalingana na data, na jumla ndogo ndiyo bora. Modeli yenye parameta 6 ikishindana na yenye 3, ile kubwa inaanza na deni la ziada la 6. Lazima logi ya ulinganifu wake na data izidi ya mwenzake kwa zaidi ya 3 ndipo imalize deni hilo. Kigezo cha Schwarz cha mwaka 1978 ni kikali zaidi: adhabu ya kila parameta ni logi asilia ya idadi ya vipimo. Vipimo vikiwa 100, adhabu ni takriban 4.6 kwa parameta moja, na deni la ziada katika mfano wetu linakuwa karibu 13.8. Vikiwa 1,000, linafika karibu 20.7. Data zikiwa chache kwa kila parameta, kigezo cha Akaike hufanyiwa marekebisho yanayoongeza adhabu. Baada ya hapo modeli hupimwa kwa data ambazo haikuwahi kuziona, maana modeli yenye parameta nyingi huweza kukariri hata makosa ya vipimo.

Hakuna modeli inayofutwa kwa sababu ya kuwa ndefu. Inatozwa, na ikilipa inapita. Wala modeli iliyoshinda haitangazwi kuwa kweli. Imewashinda wenzake waliokuwa mezani siku hiyo, basi. Hili tunalieleza katika kila jibu, na bado barua zinarudi zikidai kwamba tumethibitisha au tumekanusha jambo.

Kuna kundi la pili, linalodai kinyume: kitu chenye tabia tata lazima kiwe na sababu tata. Mwaka 1976 mwanasayansi Robert May alionyesha mlinganyo mmoja wa idadi ya viumbe: kizazi kijacho ni r mara x mara (1 − x), ambapo x ni idadi ya sasa ikiwa sehemu ya idadi ya juu kabisa, na r ni kasi ya kuongezeka. Wekeni r iwe 2, idadi inatulia kwenye 0.5. Iwe 3.2, inaruka kati ya thamani mbili bila kukoma. Ikipita takriban 3.57, kwa thamani nyingi za r mpangilio unapotea, na tofauti ndogo kabisa ya mwanzo inakua hadi utabiri wa mbali hauwezekani. Parameta ni moja tu. Mtu akiletewa takwimu hizo bila mlinganyo angeapa kwamba kuna sababu kumi nyuma yake. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo hisabati imetufundisha kuhusu viumbe, na inaniuma kuona linapuuzwa.

Na upande wa pili upo. Lita moja ya hewa ina molekuli zaidi ya elfu kumi mara bilioni mara bilioni, zikigongana bila kupumzika. Hakuna awezaye kuzifuatilia. Hata hivyo shinikizo, ujazo na joto lake vinafungwa na kanuni inayoandikwa kwa mstari mmoja. Uchangamano uko chini, usahili uko juu, na vyote viwili ni vya hewa ileile. Ndiyo maana fomu ya dawati letu huuliza modeli inahusu kipimo gani cha umbali na cha muda kabla ya kuuliza idadi ya parameta, na andiko lililoacha sehemu hiyo wazi hurudishwa kwa mwenyewe alijaze upya.